Kufanyia kazi nyumbani: ule muda wa njiani tuliouokoa umeenda wapi?

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu.

Mada ya kufanyia kazi nyumbani ikiguswa tu, watu hugawanyika hapo hapo. Kuna wanaosema ofisi ni kupoteza muda, na kuna wanaosema nyumbani watu wanalala. Leo naomba huo ubishi tuuweke kando. Swali langu ni hili: kama safari ya kwenda na kurudi kazini imefutwa, hakuna foleni, hakuna kuamka alfajiri kuwahi usafiri, mbona wengi wetu tunachoka kuliko enzi za ofisi? Na mbona watu wa nyumbani wanalalamika hawatuoni, ilhali tumekaa hapo hapo kutwa nzima?

Msimamo wangu nautaja mapema, anayepinga apinge kitu anachokiona. Ofisi ilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyewahi kuishukuru: kufunga siku. Wenzako wanabeba mikoba, taa zinazimwa, korido inabaki tupu, wewe nani uendelee kukaa? Hukuwa na haja ya kuamua kwamba kazi imeisha, mazingira yaliamua. Nyumbani kazi hiyo umekabidhiwa wewe, bila barua wala maelekezo, na mtu hawezi kuifanya peke yake kila jioni kwa kujikaza tu. Ndiyo maana ule ushauri wa "jifunze nidhamu ya muda" haunishawishi. Mpaka kati ya kazi na maisha unahitaji watu zaidi ya mmoja kuukubali.

Tuanze na muda wenyewe. Mwaka 2023 kundi la wachumi, akiwemo Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, lilitoa takwimu za nchi 27. Kwa wastani, siku mtu anayofanyia kazi nyumbani anaokoa dakika 72 ambazo zingeishia njiani. Sasa ukauliza zinakwenda wapi. Asilimia 40 zinarudi kwenye kazi, iwe ya kwanza au ya pili. Asilimia 34 zinakwenda kwenye mapumziko na starehe. Asilimia 11 zinakwenda kwenye kulea na kuhudumia wengine. Piga hesabu: dakika kama 29 kwa kazi, kama 24 kwako, na kama 8 kwa mtoto au mzazi uliyemwambia kwamba sasa utakuwa naye karibu. Ni wastani, najua, ndani yake wamo hata wasio na watoto. Lakini hiyo nane imenikaa kooni.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2020, wakati ule dunia imefungwa kwa sababu ya corona. Watafiti wa Harvard na Chuo Kikuu cha New York walipitia kumbukumbu za vikao na barua pepe za watu zaidi ya milioni 3 katika miji mikubwa 16. Idadi ya vikao iliongezeka kwa karibu asilimia 13, na kila kikao kikawa kifupi kwa karibu asilimia 20. Lakini siku ya kazi, ukipima kuanzia barua pepe au kikao cha kwanza mpaka cha mwisho, ilirefuka kwa dakika 48.5. Angalieni vizuri hapo. Hawakusema watu walifanya kazi dakika zote hizo mfululizo. Walisema siku ilinyooshwa. Kazi ile ile imetandazwa kuanzia asubuhi mpaka usiku, na katikati kuna mapengo ambayo si kazi wala si mapumziko. Mimi naona uchovu wetu unaishi humo kwenye mapengo.

Mfano ni ile meseji ya saa 3 usiku. Mnaifahamu: "Samahani kwa usumbufu, si haraka, ukipata nafasi tu naomba uangalie ile ripoti." Aliyetuma ana nia njema kabisa. Jambo lilimjia kichwani, akaogopa atalisahau, akalitupa kwako. Yeye ametua mzigo, sasa anaangalia taarifa ya habari. Wewe umeshaiona. Hata usipojibu, kichwa kimeshafungua ripoti: ni ukurasa upi una shida? Kuna namba nimekosea? Profesa Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kuhusu jambo la jinsi hii, kwamba ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza, sehemu ya akili inabaki kule ulikotoka. Yeye alikuwa anazungumzia kuhama kutoka kazi kwenda kazi. Nyumbani tunahama kutoka kazi kwenda kwa mke, mume, mtoto, usingizi. Dakika ulizotumia kusoma meseji ni sifuri, jioni uliyopoteza ni nzima.

La mwisho kabla sijawaachia ukumbi. Jaribio linalonukuliwa sana na watetezi wa kazi za nyumbani ni lile la kampuni ya safari ya China, Ctrip, lililoanza mwishoni mwa 2010 na kuchukua miezi tisa. Wahudumu wa simu waliojitolea waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa: wenye tarehe shufwa wakaenda nyumbani siku nne kwa wiki, wenye witiri wakabaki ofisini. Ufanisi wa waliokwenda nyumbani ulipanda kwa asilimia 13. Watu huishia hapo na kupiga makofi. Lakini karibu 9 kati ya hizo 13 zilitokana na watu kukaa kwenye simu dakika nyingi zaidi kwa zamu, kwa kupunguza mapumziko na siku za kuugua. Zilizobaki, kama 4, ndizo za kupokea simu nyingi zaidi kwa dakika. Na ili uruhusiwe kushiriki ilibidi uwe na intaneti nzuri na sehemu yako ya faragha ya kufanyia kazi. Wangapi humu wana chumba ambacho si cha kulala, si sebule, na kina mlango?

Karibuni. Matusi hapana.

#2

Naweka kambi hapa. Hiyo meseji ya "si haraka" imenikuta jana saa 4 usiku, nikalala saa 7.

#3

Mkuu, uzi umeenda shule lakini kiini chake nakipinga. Unataka jioni ifungwe kwa wote. Mimi jioni ndiyo muda wangu wa kazi!

Kuanzia saa 9 alasiri mpaka saa 2 usiku nipo na watoto: kuwachukua shule, hesabu, kuoga, ugomvi wa rimoti. Wakilala nafungua kompyuta, na zile saa mbili za usiku nafanya kazi safi kuliko yoyote niliyowahi kufanya mchana, kwa sababu hakuna anayenipigia. Ofisini hilo lisingewezekana. Nilikuwa nawaona watoto wakiwa wamelala, asubuhi naondoka hawajaamka. Leo namjua mwalimu wa mwanangu kwa sura. Sasa akija mtu na sheria ya kuzima mitambo ifikapo saa 11 jioni, ananirudisha kule kule nilikotoka.

Mwaka 1996 mwanasosholojia Christena Nippert-Eng alichunguza watu wanavyopanga kazi na nyumbani, akaangalia mpaka funguo na kalenda zao. Kuna wanaoweka funguo za kazini na za nyumbani pete moja na kalenda moja kwa kila kitu, na kuna wanaotenganisha hadi mkoba. Hakuna aliye mgonjwa kati yao. Mimi ni wa pete moja. Wewe mleta uzi ni wa pete mbili, na unataka tuvae viatu vyako.

Uchovu upo, sikatai. Ila usiseme unatokana na jioni kuwa wazi. Kwangu unatokana na vikao vya asubuhi visivyo na kichwa wala miguu.

#4

Kaka zangu, mnaongea kana kwamba mpaka ni kati ya mtu na bosi wake tu. Njooni upande wangu.

Enzi za ofisi nilikuwa na zamu mbili: ya mwajiri, halafu ya nyumbani nikirudi. Sasa zinakwenda zote kwa mpigo. Kuna sentensi inaitwa "si upo nyumbani", hiyo imenipa majukumu mengi kuliko mkataba wangu wa ajira. Fundi wa bomba anakuja, nani ampokee? Si upo nyumbani. Mtoto karudishwa shule ana homa, si upo nyumbani. Shangazi anapita kusalimia saa 5 asubuhi, atakaa mpaka mchana, kwani si upo nyumbani? Mume wangu naye anafanyia kazi hapa hapa, kwenye meza ya sebuleni. Hakuna hata mmoja anayemwambia yeye yupo nyumbani. Yeye "yupo kazini, msimsumbue".

Wiki iliyopita niko kwenye kikao, kamera imewashwa, mguu mmoja umezuia mlango, kidole kipo kwenye kitufe cha kuzima sauti. Binti yangu akapitisha karatasi chini ya mlango: "Mama umemaliza?" Nikawa natikisa kichwa kumkubalia mteja huku macho yako sakafuni. Hapo utaniambia nipo wapi? Mteja anadhani nipo naye, mtoto anajua sipo naye.

Kilichonisaidia si programu ya simu. Tulikaa na mume wangu tukapanga zamu ya mlango. Asubuhi mpaka saa 6 mchana mlango ni wake: anayebisha, anayelia, anayeleta mzigo, ni juu yake. Baada ya hapo ni wangu. Tumeiandika na kuibandika, maana tulipokuwa tumekubaliana kwa mdomo tu ilidumu siku chache ikafa. Chumba cha kazi sina, nakaa kwenye pembe ya chumba cha kulala. Basi nikimaliza nachomoa chaja, kompyuta inaingia kwenye mkoba, mkoba unakwenda juu ya kabati. Kuushusha inabidi nipande kiti. Uvivu wangu wa kupanda kiti umeniokoa usiku mwingi.

#3, hongera kwa kuwaona watoto, nasema kwa dhati. Ila swali dogo: hizo saa mbili zako za usiku, nani anaosha vyombo?

#5

😂😂 Dada kampiga #3 swali la mwaka.

Mimi kazi zangu ni za kujitegemea. Bosi wangu ni mimi mwenyewe na bado ananisumbua usiku. Wateja wangu wako pande za dunia ambako jua linachomoza mimi nikienda kulala. Hakuna sheria ya nchi yoyote itakayonilinda na mimi.

#6

Nitawaudhi, lakini mtu wa upande huu lazima aongee. Mimi nasimamia watu, karibu wote wako majumbani mwao.

Mnadhani bosi anatuma meseji usiku kwa sababu ya roho mbaya. Ukweli ni kwamba bosi naye amepoteza kitu. Ofisini nilikuwa nikipita kati ya meza najua nani amekwama, nani amechoka, nani ana msiba. Sasa naona kitone cha kijani kinachosema fulani yupo mtandaoni. Kitone hicho hakiniambii chochote, na wao wanajua ndicho ninachokiona, kwa hiyo wamejifunza kukitunza. Wengine wana vifaa vya kutikisa kipanya cha kompyuta ili kitone kisizimike. Nikiweka programu ya kuwafuatilia, watatafuta programu ya kuidanganya. Tumefika mahali mtu anafanya kazi ya kuonekana anafanya kazi, na hiyo nayo inachosha.

Jambo la pili ni vijana wapya. Kuna wachumi, Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais, walioangalia waandishi wa programu za kompyuta wa kampuni moja kubwa. Waliokuwa wamekaa jengo moja na wenzao wa timu walipata maoni mengi zaidi kuhusu kazi zao kuliko waliokuwa mbali, na waliofaidika zaidi ni wachanga na wanawake. Upande wa pili wa shilingi, wazoefu walitoa kazi chache wakikaa karibu nao, maana muda wao uliliwa na kufundisha. Mzoefu anayesema nyumbani ni raha asisahau kuna kijana anayekaa siku nzima na swali moja dogo akiogopa kupiga simu. Huyo kijana ndiye anayefanya kazi mpaka usiku. Hana kazi nyingi. Amepoteza saa nne kwa jambo ambalo ningelimwonyesha kwa kidole.

Kwenye timu yangu tuliafikiana hivi: simu ni dharura, meseji ni ya leo, barua pepe ni ya kesho au baadaye. Ukituma meseji kwa jambo la kesho, unaulizwa kwenye kikao. Na asubuhi kuna nusu saa laini iko wazi, kamera si lazima, mtu yeyote anaingia na swali lake la kijinga. Vikao vitatu vya wiki vilikufa vyenyewe baada ya hapo.

#7 · Mleta uzi

Asanteni sana, nimesoma zote. Nawajibu kwa pamoja.

#3, hatujapingana kama unavyodhani. Fanya kazi saa unayotaka, hata saa 9 usiku. Ninachokataa ni saa yako kuwa saa yangu. Barua pepe ina sehemu ya kupanga itumwe saa ngapi. Andika saa 4 usiku, ipangie ifike saa 2 asubuhi, wewe umelala umetua na mimi sijaguswa. Uhuru wako wa kuchanganya unahitaji mwenzako wa upande wa pili asilazimike kuchanganya. Na la vyombo ujibu, usikimbie.

#6, mpango wenu wa simu, meseji na barua pepe ni bora kuliko semina zote za afya ya akili nilizowahi kukalishwa. Ila nina neno moja. Wewe ukisema "si haraka", unamaanisha si haraka. Kijana mwenye mkataba wa miezi sita akisoma "si haraka" kutoka kwa mtu anayeamua kama mkataba utaongezwa, anasoma kitu kingine kabisa. Makubaliano ya aliye juu na aliye chini hayawi makubaliano mpaka aliye chini amewahi kuyatumia akaona hakuna kilichompata. Kwa hiyo ushahidi nautaka kutoka kwao: kuna aliyewahi kukaa kimya usiku, asubuhi ukampokea kama kawaida? Kama hakuna, makubaliano yenu bado hayajaanza kufanya kazi.

Na hapo ndipo sheria inapoingia. Ufaransa ilianza tarehe 1 Januari 2017: kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi inatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kujitoa kwenye mawasiliano ya kazi nje ya saa. Wengi hudhani inakataza barua pepe za usiku. Haikatazi, inalazimisha mazungumzo. Ureno mwaka 2021 ikaenda mbali zaidi na kuuweka wajibu kwa mwajiri: asimtafute mfanyakazi wakati wa mapumziko, isipokuwa kwa jambo lisilozuilika. Sheria hiyo hiyo ikagusa gharama za ziada za umeme na intaneti kwa anayefanyia kazi nyumbani. Australia nayo, kuanzia tarehe 26 Agosti 2024, ikampa mfanyakazi haki ya kukataa kusoma au kujibu nje ya saa zake, labda kama kukataa huko hakuna sababu ya maana. Waajiri wadogo waliongezewa mwaka mmoja.

Angalieni tofauti ya hizo tatu. Moja inasema kaeni mzungumze, ya pili inamfunga anayetuma, ya tatu inamlinda anayekaa kimya. Mimi napenda ya Ureno. Ile ya Australia bado inamtaka mnyonge awe wa kwanza kukataa. Ila #5 kasema kweli, zote hazimfikii anayejiajiri.

Kwa wanaodhani tunadekezana: mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani. Saa 8 kwa siku, 48 kwa wiki. Waliupigania kwa sababu mwili una kikomo. Na mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO) walitoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo vilivyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi inapanda kwa kama asilimia 35. Kiwandani king'ora kilikuwa kinakuhesabia. Nyumbani nani anahesabu? Jaribuni kuandika wiki moja tu, saa mliyogusa kazi mara ya kwanza na saa mliyoigusa mara ya mwisho. Msiandike mlichofanya, andikeni ncha mbili tu.

#4, dada yangu, zamu ya mlango naipeleka kwetu leo leo.

#8

Wote mnalia nyumba imejaa. Mimi naishi peke yangu.

Kuna siku sauti yangu ya kwanza naitoa saa 8 mchana kwenye kikao, inakwaruza, kila mtu anauliza kama naumwa. Nafanya kazi mpaka usiku kwa sababu hakuna kinachonisubiri upande wa pili. Hiyo ratiba yenu ya kufunga siku nifunge ili niende wapi, jikoni?

Mleta uzi kataja Ctrip akaacha kipande kitamu. Jaribio lilipoisha, waliruhusiwa kuchagua upya kati ya nyumbani na ofisini. Zaidi ya nusu walibadilisha, na kwa waliorudi ofisini upweke ulikuwa sababu kubwa. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba baada ya kila mtu kukaa anapopataka, faida ya ufanisi kwa walio nyumbani ilipanda kutoka ile 13 mpaka kama 22. Kampuni hiyo hiyo, kwa jina la sasa la Trip.com, ikajaribu mtindo wa mchanganyiko: siku mbili nyumbani, tatu ofisini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Katika wafanyakazi 1,612, wanaoacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na hakukuwa na tofauti kwenye tathmini za kazi wala kupandishwa vyeo. Kwangu mimi huo ndio mwisho wa ubishi. Siku mbili nyumbani zinanitosha.

Tena zimeni ile picha yenu wenyewe kwenye vikao vya video. Jeremy Bailenson wa Stanford aliandika mwaka 2021 kwamba kujitazama saa nyingi ni moja ya mambo yanayochosha. Fikiria mtu akutembezee kioo ofisini kutwa. Watu wanaendelea kukuona, wewe tu ndiye hujioni. Ni mibonyezo miwili.

#3

Nimerudi. Vyombo naosha mimi, dada, tena kabla ya kufungua kompyuta 😅 Mke wangu yupo zamu za usiku hospitali.

Hilo la kupanga muda wa barua pepe nimelichukua. Ila bado sikubali sheria moja kwa wote. #8 naye kawaonyesha, mwenzenu jioni yake ni tupu, mkimfungia kazi mmemfungia kila kitu.

#4

Basi nakuomba radhi hadharani, kaka. Mume wangu nimempa simu asome.

#9

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kidogo kwenye haya. Nimepata kazi ya kwanza ya mbali kabisa, hakuna hata ofisi ya kurudi. Mkataba nimetumiwa, sijasaini. Nimuulize nini mwajiri bila kuonekana mvivu kabla sijaanza?

#10 · Mleta uzi

Hongera sana. Uliza sasa, ukishasaini inakuwa ngumu.

Usiulize "nikatae simu za usiku?" Uliza kwa upande wa kazi: "Saa gani timu nzima inatakiwa kuwa mtandaoni kwa pamoja, na nje ya saa hizo jambo la dharura linanifikia kwa njia gani?" Anayeendesha timu vizuri atakujibu kwa sentensi mbili. Akisema "sisi hatuna saa, tunaangalia matokeo", muulize matokeo ya mwezi wa kwanza ni yapi na nani anayapima. Matokeo yasiyotajwa hayaishi, na wewe hutaishi kumaliza.

Uliza intaneti na kifaa ni juu ya nani, na kikiharibika unafanyaje. Kama kompyuta ni yao, uliza imewekewa programu ya kukufuatilia au la. Kama ni yako na wanataka kuweka programu hiyo, mimi ningekataa, maana hiyo kompyuta ina picha za familia yako. Na kwa kuwa ni kazi yako ya kwanza, soma tena alichosema #6 kuhusu vijana. Omba mtu mmoja kwa jina ambaye utamuuliza maswali madogo, na saa yake. Hilo uliombe hata kabla ya mshahara kujadiliwa.

Majibu yote yaombe kwa barua pepe, si kwa simu.

#9

Asante sana mkuu. Akijibu kwamba mtu wa kuuliza ni "yeyote tu kwenye timu"?

#10 · Mleta uzi

Mwambie: "Nashukuru, kwa wiki mbili za kwanza nianze na nani?" Akishindwa kutaja jina, rudi hapa kabla ya kusaini.

#6

Na akitaja jina, mtafute huyo mtu siku ya kwanza kabisa, hata kama huna swali. Sisi tunaoulizwa tunapenda kujua tutakayekuwa tunamjibu.